Johannesburg kwa Miguu: Siku Moja Katika Jiji Lililohesabu Saa za Watu

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo, ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili ameisikia tangu utotoni, ina upole ndani yake. Siku mbili za mwanzo ni za kula, kunywa na kupumzika. Na hata hilo jembe la siku ya tatu ni dalili kwamba mgeni amekwisha kuwa mtu wa nyumbani. Katika jiji la Johannesburg, nchini Afrika Kusini, hesabu hiyo ya siku tatu iliwahi kuandikwa katika kitabu cha sheria, lakini bila ya upole wowote. Mwafrika aliyekutwa mjini baada ya saa 72, akiwa hana haki ya kukaa wala kibali cha kufanya kazi, hakupewa jembe. Alitiwa pingu.

Siku hizi wapo wasafiri wengi wa Afrika Mashariki wanaojikuta Johannesburg wakiwa na siku moja tu mkononi. Huyu ni mfanyabiashara aliyekuja kununua vipuri na ataondoka kesho alfajiri. Yule ni mwanafunzi anayesubiri ndege ya kumpeleka mbele. Mwingine amehudhuria mkutano ndani ya hoteli na hajaona chochote ila zulia na kuta za ukumbi. Wote wana swali moja: katika saa nane au tisa za mchana, bila ya gari, mtu anaweza kuona nini katika jiji hili? Jibu ni kwamba anaweza kuona mengi, alimradi ajue anachokitafuta. Na kinachofaa kutafutwa ni habari ya huko kutembea kwenyewe: jinsi kwenda kwa miguu barabarani, jambo ambalo mtu halifikirii hata kidogo, kulivyowahi kuwa kosa la jinai katika barabara hizi hizi.

Kwanza yafaa kuondoa dhana moja. Wengi hudhani kuwa Johannesburg, kwa ukubwa na utajiri wake, ndio mji mkuu wa Afrika Kusini. La hasha. Nchi hiyo ina miji mikuu mitatu: Pretoria ni makao ya serikali, Cape Town ni makao ya bunge, na Bloemfontein ni makao ya Mahakama ya Rufaa. Johannesburg ni mji mkuu wa jimbo la Gauteng tu. Hata hivyo, nchi ilipojipatia mahakama iliyo juu ya mahakama zote, yaani Mahakama ya Katiba, haikuipeleka katika mmojawapo wa miji hiyo mitatu. Iliiweka Johannesburg, tena juu ya kilima kilichokuwa na gereza. Kilima hicho ndicho mwisho wa matembezi ya leo.

Jiji lenyewe halina bahari, halina ziwa, wala halikujengwa kando ya mto mkubwa. Lilizaliwa mwaka 1886 kwa sababu moja tu, nayo ni dhahabu, na ndiyo maana Wazulu huliita eGoli, mahali pa dhahabu. Liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa pwani asishangae akianza kuhema kabla ya wenzake. Na akifika mwezi wa Juni au Julai, asisahau koti, kwani asubuhi za huko baridi yake haina masihara.

Msafiri hutua katika uwanja wa ndege ambao tangu mwaka 2006 unaitwa kwa jina la Oliver Tambo. Jina hilo na alihifadhi moyoni, kwani atalikuta tena kabla ya adhuhuri, mlangoni mwa jengo dogo la mjini. Kutoka uwanjani hupanda treni ya kasi ya Gautrain, akabadilisha njiani, na baada ya muda mfupi hushuka katika kituo cha reli cha Park, katikati ya jiji. Ni saa tatu asubuhi. Umati unaomiminika kutoka milangoni unakwenda kwa hatua za haraka, kila mtu na hamsini zake. Hakuna anayeuliza nani anaingia kwa mlango gani. Zamani palikuwa na milango ya Wazungu na milango ya wasiokuwa Wazungu, na kukosea mlango halikuwa jambo la kuombana radhi.

Kabla ya kupiga hatua, kuna nasaha ambayo wenyeji hawachoki kuitoa. Katikati ya Johannesburg si mahali pa kutembea umeduwaa, simu mkononi na begi mgongoni. Simu ikae mfukoni, vito vibaki hotelini, na mgeni asiyeijua njia atembee na mwenyeji au mwongozaji. Matembezi yaishe kabla ya jua kuzama. Hayo si maneno ya kumtisha mtu; ni adabu ya mji, kama ilivyo adabu kwa mgeni wa pwani kuuliza kina cha maji kabla ya kuoga.

Msafiri sasa anaelekea kusini, na njia yake inakatisha barabara moja baada ya nyingine kwa upesi wa ajabu. Vitalu vya majengo hapa ni vifupi kuliko vya miji mingi. Husimuliwa kwamba waliopima viwanja wakati wa kukimbilia dhahabu walitaka pembe nyingi, kwani kiwanja cha pembeni kilikuwa na bei kubwa zaidi. Lakini cha kutazama zaidi ni majina yaliyoandikwa kwenye vibao. Barabara iliyoitwa Bree sasa ni ya Lilian Ngoyi. Iliyoitwa Jeppe ni ya Rahima Moosa, na hapo maduka ya Waethiopia yamejaa nguo, viatu na harufu ya kahawa. Iliyoitwa President ni ya Helen Joseph, na iliyoitwa Market ni ya Albertina Sisulu. Mtu mwenye haraka huvuka barabara hizo zote kwa muda mfupi tu, bila ya kujua kwamba amevuka msafara mzima.

Maana tarehe 9 Agosti 1956, Lilian Ngoyi, Rahima Moosa, Helen Joseph na mwenzao Sophia Williams-De Bruyn waliongoza wanawake wapatao 20,000 hadi kwenye majengo ya serikali mjini Pretoria. Mmoja alikuwa Mwafrika, mmoja mwenye asili ya Kihindi, mmoja Mzungu na mmoja chotara, kwa jinsi sheria ilivyowagawa watu wakati ule. Walipeleka maelfu ya karatasi zilizotiwa saini kumpinga Waziri Mkuu J. G. Strijdom, na madai yao yalikuwa bayana: wanawake hawataki kubeba pasi.

Pasi hiyo ilikuwa nini? Msikilizaji wa Kenya atakumbuka kipande, ile hati ambayo sheria ya kikoloni ya mwaka 1915 ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuibeba, na ambayo wazee waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Pasi ya Afrika Kusini ilikuwa ndugu yake kipande, lakini ndugu aliyekua na kunenepa. Kwa sheria ya mwaka 1952, kila Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na kitabu chenye picha yake, habari za kodi yake, ruhusa ya kuwepo mjini na saini ya mwajiri wake. Watu walikiita dompas, yaani pasi ya kijinga. Polisi aliweza kumsimamisha mtu yeyote mweusi, mahali popote, saa yoyote, akamwambia: lete kitabu. Aliyekisahau nyumbani alilala rumande.

Na hapo ndipo zile saa 72 zilipoingia. Kifungu cha 10 cha sheria ya maeneo ya mijini kilisema kwamba Mwafrika haruhusiwi kukaa mjini zaidi ya saa hizo isipokuwa awe amezaliwa hapo na kuendelea kuishi hapo, au amefanya kazi kwa mwajiri mmoja kwa miaka 10, au ameishi hapo kihalali kwa miaka 15, au awe mke au mtoto wa mtu wa namna hiyo, au awe na kibali. Mke aliyetoka kijijini kumwona mumewe mchimba dhahabu alihesabu saa. Mama aliyekuja kumtazama mwanawe mgonjwa alihesabu saa. Sheria za pasi zilidumu hadi mwaka 1986 zilipofutwa, na katika uhai wake ziliwapeleka mamilioni ya watu mahakamani na magerezani. Kwa hiyo msafiri wa leo anayeitazama saa yake kila mara, akihofia treni ya jioni, anafanya jambo ambalo jiji hili limelizoea. Tofauti ni kwamba saa zake amejipangia mwenyewe.

Baada ya mwendo wa kilomita moja na nusu hivi, msafiri anafika katika uwanja wa Gandhi. Leo ni kituo cha mabasi, chenye migahawa pembezoni na makarani wanaokunywa chai wima. Katikati yake imesimama sanamu ya Mohandas Gandhi. Mtu aliyezoea picha za mzee mwenye mkongojo na shuka nyeupe atashangaa, kwani huyu ni kijana, amevaa joho la uwakili, na joho hilo linapepea. Mahakama ilikuwa katika uwanja huu, na Gandhi alisimama ndani yake kwa namna mbili: mara nyingine akiwa wakili, mara nyingine akiwa mshitakiwa.

Kijana huyo hakuwa mgeni wa pwani ya Waswahili. Mwaka 1893, meli iliyomleta kutoka Bombay ilitia nanga Lamu na Mombasa, kisha yeye akakaa Unguja kwa zaidi ya wiki moja kabla ya kuendelea kusini. Alikuja kwa kesi moja ya kibiashara akitarajia kukaa mwaka mmoja tu. Akaondoka kabisa mwaka 1914. Kilichomweka ni sheria. Serikali ya Transvaal ilitaka Wahindi wote waandikishwe, wapigwe chapa za vidole na wabebe vyeti. Tarehe 11 Septemba 1906, watu wapatao 3,000 walikusanyika katika ukumbi wa Empire, hapa hapa mjini, wakaapa kuwa hawataitii. Kiapo hicho ndicho kilichozaa njia ya mapambano ambayo baadaye ilitikisa dola zima la Uingereza nchini India.

Msafiri anageuka magharibi na kuifuata barabara ya Fox hadi kwenye mahakama ya mahakimu. Mkabala na mahakama hiyo kuna jengo la ghorofa chache, ambalo mtu mwenye haraka angelipita kama si sanamu kubwa ya chuma iliyo mbele yake: bondia kijana, mikono juu, anapigana na kivuli. Bondia huyo ni Nelson Mandela, na jengo ni Chancellor House. Mwaka 1952, Mandela na Oliver Tambo, yule mwenye jina la uwanja wa ndege, walifungua hapa ofisi ya uwakili, ya kwanza nchini kumilikiwa na mawakili Waafrika kwa ubia. Kila asubuhi wateja walijaa hadi kwenye ngazi. Wengi wao hawakuwa wezi wala wauaji. Walikuwa watu waliokutwa bila pasi, waliochelewa kurudi wakati wa marufuku ya usiku, au walioketi kwenye benchi lisilokuwa la rangi yao.

Ofisi hiyo haikudumu hata miaka kumi. Mwaka 1960 Tambo alitoroka nchi, akapitia Dar es Salaam, na kwa miaka 30 akaliongoza kutoka uhamishoni chama cha ANC, ambacho kwa muda kilikuwa na makao yake Morogoro. Mandela naye, mwezi Januari 1962, alitoka kwa siri na kufika Dar es Salaam, akaonana na Julius Nyerere. Hakuwa na pasipoti, kwani serikali yake isingempa. Serikali ya Tanganyika, iliyokuwa na umri wa mwezi mmoja tu tangu uhuru, ikampa karatasi iliyoeleza kwamba mtu huyu anaruhusiwa kutoka Tanganyika na kurudi. Mtu aliyetumia miaka yake mingi kuwatetea watu dhidi ya karatasi, akazunguka Afrika kwa karatasi ya jirani.

Jua limepanda na saa inakimbia. Kutoka Chancellor House hadi mtaa wa Newtown si mbali, na njiani kuna msikiti wa Hamidia, ambao mpita njia asiyeambiwa hawezi kuujua kuwa ni mahali pa historia. Tarehe 16 Agosti 1908, kwenye uwanja wa msikiti huo, sufuria kubwa la chuma lenye miguu mitatu liliwekwa mbele ya umati wa Waislamu, Wahindu na Wachina. Vyeti vya uandikishaji, zaidi ya elfu moja, vikatiwa ndani, vikamiminiwa mafuta ya taa, vikachomwa moto. Maandamano ya wanawake ya 1956 yalikuwa bado mbali, lakini ugomvi ulikuwa ule ule.

Newtown penyewe palikuwa soko. Soko la matunda la zamani sasa ni ukumbi wa michezo ya kuigiza uitwao Market Theatre, uliofunguliwa mwaka 1976, ambamo weusi na weupe walicheza na kutazama pamoja wakati sheria ikikataza. Kwa mwenye saa chache, hata hivyo, mahali pa kuingia ni Jumba la Makumbusho la Wafanyakazi. Hii ilikuwa kambi ya vibarua wa manispaa, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Vitanda ni vya zege, vimepangwa kama rafu za duka, na mtu hulala ubavu kwa ubavu na asiyemjua. Kuna na chumba kidogo cha kumfungia aliyekaidi. Hapa hapahitaji maelezo marefu; mgeni hujaribu kwa kiganja ubaridi wa zege, akanyamaza.

Msikilizaji wa Tanzania asidhani kuwa kambi za namna hiyo hazimhusu. Wakala wa makampuni ya migodi, walioitwa Wenela, walichukua vibarua Msumbiji, Nyasaland, na pia Rungwe na sehemu nyingine za nyanda za juu kusini mwa Tanganyika, hadi serikali ya uhuru ilipokomesha biashara hiyo. Wapo wazee waliorudi na blanketi, baiskeli na kikohozi. Wapo ambao hawakurudi.

Adhuhuri imepita. Msafiri anakula haraka ugali mweupe, ambao wenyeji huuita pap, kwa nyama ya kuchoma na kachumbari kali, kisha anapanda daraja la Nelson Mandela. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa mita 284, na nyaya zake nyeupe zimeshikilia barabara juu ya makumi ya njia za reli. Mtu akisimama katikati na kutazama chini, anaziona reli zilizowaleta wafanyakazi alfajiri na kuwarudisha jioni Soweto, iliyo mbali upande wa kusini magharibi. Soweto haimo katika matembezi haya, na msafiri mwenye siku moja hana budi kukubali hasara hiyo. Lakini na akumbuke sababu ya umbali huo. Makazi ya weusi yaliwekwa mbali kwa makusudi, ili mtu afike mjini kufanya kazi na asiweze kubaki.

Ng'ambo ya daraja ni Braamfontein, mtaa wa wanafunzi, na kutoka hapo njia inapanda mashariki kuelekea kilima cha Katiba. Ni saa tisa alasiri na miguu imeanza kulalamika. Juu ya kilima kuna ngome iliyojengwa na serikali ya Paul Kruger katika miaka ya 1890, ambayo baadaye ikawa gereza hadi mwaka 1983. Wazungu walifungwa ndani ya ngome. Waafrika walifungwa katika sehemu iitwayo Namba Nne. Wanawake walikuwa na gereza lao. Hata chakula kiligawiwa kwa rangi, na orodha yake bado inaonyeshwa. Katika ua wa Namba Nne, wafungwa waliotoka kazini walilazimishwa kuvua nguo zote, kuruka na kuzunguka mbele ya askari, ili ionekane kwamba hawakuficha kitu. Baba na mwana waliweza kufanyishwa hivyo pamoja.

Waliopita hapa ni wengi, na makosa yao yanashangaza kwa jinsi yanavyofanana. Gandhi aliletwa mwaka 1908 kwa kukataa kuandikishwa. Winnie Madikizela-Mandela aliletwa mwaka 1958 akiwa mjamzito, pamoja na mamia ya wanawake, kwa kupinga pasi. Robert Sobukwe aliletwa mwaka 1960 kwa kuwaongoza watu kuziacha pasi nyumbani na kujisalimisha, siku ile ile ya tarehe 21 Machi ambapo polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville. Na Mandela, aliyekamatwa Agosti 1962 baada ya kurejea kutoka safari iliyoanzia Dar es Salaam, alishikiliwa katika hospitali ya ngome. Alihukumiwa miaka mitano. Miwili kati ya hiyo ni kwa kosa la kutoka nchini bila hati halali ya kusafiria.

Sasa msafiri anavuka ua, na hatua chache tu zinamtoa gerezani na kumwingiza mahakamani. Jengo la mahabusu lilibomolewa, ngazi zake nne zikaachwa zimesimama kama mashahidi, na matofali yake yakatumika kuijenga Mahakama ya Katiba, iliyofunguliwa tarehe 21 Machi 2004. Siku ya Sharpeville ikachaguliwa makusudi. Nembo ya mahakama ni mti wenye watu chini ya matawi yake, jambo ambalo Mwafrika yeyote aliyewahi kukaa barazani chini ya mwembe hahitaji kutafsiriwa. Mbele ya meza ya majaji 11 kumetandazwa ngozi za ng'ombe, na hakuna mbili zenye mabaka yanayofanana.

Katika hukumu yake kubwa ya kwanza, mwezi Juni 1995, mahakama hii iliifuta adhabu ya kifo. Miaka sita baadaye hukumu hiyo ikamgusa mtu wa Afrika Mashariki. Khalfan Khamis Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Cape Town mwaka 1999 kwa shutuma za kushiriki katika shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam, lililoua watu 11. Alikabidhiwa kwa Wamarekani pasipo ahadi kwamba hatanyongwa wala kuuawa kwa sindano. Tarehe 28 Mei 2001, Mahakama ya Katiba iliamua kuwa kitendo hicho kilivunja katiba. Si kwamba mahakama iliona shutuma ni ndogo. Waliouawa Dar es Salaam wana ndugu ambao bado wanalia. Ila katiba imesema kila mtu ana haki ya kuishi, na kila mtu ni kila mtu, hata mgeni, hata anayechukiwa. Mohamed alihukumiwa kifungo cha maisha huko New York. Mwaka 2004 mahakama ikatumia hoja ya namna hiyo kuwapa wakazi wa kudumu kutoka Msumbiji haki ya malipo ya ustawi wa jamii.

Yasemwe haya bila ya kufunika mengine. Mwezi Mei 2008, machafuko dhidi ya wageni yaliyoanzia Alexandra, kaskazini mwa jiji hili, yaliua watu 62, wakiwemo Waafrika Kusini waliodhaniwa kuwa wageni. Miaka ya karibuni kundi la Operation Dudula limesimama kwenye milango ya zahanati likiwadai watu vitambulisho kabla ya kutibiwa, hata Mahakama Kuu ya Johannesburg ikalikataza mwezi Novemba 2025. Msomali mwenye duka, Mkongo kinyozi, Mtanzania fundi cherehani, wote wanajua jinsi moyo unavyopiga mtu anapoulizwa barabarani: karatasi ziko wapi? Pasi ilifutwa mwaka 1986, lakini swali lake halijafutwa.

Saa kumi na moja kasoro, msafiri hana budi kuteremka kuelekea kituo cha Park, mwendo mfupi tu, na kuufunga mzunguko wa kilomita saba au nane. Hajaiona Soweto, hajaliona Jumba la Makumbusho la Apartheid, hajanunua hata zawadi. Lakini kabla ya kutoka mahakamani, na atazame jambo moja ambalo wengi hulipita. Ukutani mwa ukumbi wa majaji kuna dirisha refu na jembamba, karibu na usawa wa ardhi ya nje. Aliyeketi ndani akisikiliza hoja za mawakili haoni nyuso za wapita njia. Huona miguu yao: viatu vya ofisini, kandambili, raba za mwanafunzi. Haionyeshi ni miguu ya raia au ya mgeni, wala imekaa mjini kwa saa ngapi. Inapita tu, kwa haraka zake, na majaji wanaendelea na kesi.